Sauti ya Kweli ya Jana

Uliliona. Usiniambie hukuliona. Siku ile ulipopita na basi ukitokea Runzewe, likapanda kilima, uliuona upande wa kushoto ukuta mrefu wa udongo mwekundu, na nyuma yake maji ya rangi ya majivu yasiyotuliwa na ndege hata mmoja. Ukamuuliza jirani yako wa kiti, "Lile ni ziwa gani?" Akakwambia si ziwa, ni bwawa la topesumu, uchafu wa mgodi wa Nsungwe. Ukaona na mabati chini ya ukuta. Ukaona nguo za watoto zimeanikwa kwenye michongoma, ukaona mbuzi, ukaona moshi wa mtu anayepika. Ukasema "mh!" Kisha ukarudisha macho kwenye simu.

Hiyo "mh" yako ndiyo inayosimuliwa hapa. Watu wa chini ya ukuta, kitongoji cha Isunga, walipewa ahadi moja tu siku mgodi ulipojenga: msiogope, yupo anayewaangalia. Wewe ulitazama ukapita. Wakubwa walitazama wakasaini. Aliyebaki anaangalia kweli alikuwa mmoja, naye aliajiriwa aangalie rangi ya kijani.

Aliitwa Sikujua. Mzaliwa wa Tinde, kule njia panda, ambako miaka sita alikaa chini ya mwavuli wa kampuni ya simu akitengeneza simu za watu kwa bisibisi na mate. Kompyuta hakufundishwa na mtu. Alijifunza kwa kuzifungua zilizokufa. Alipopata kazi mgodini walimkalisha ndani ya kontena lenye kiyoyozi, juu kilimani, mbele ya skrini yenye nukta kumi na mbili. Kila nukta ilikuwa kipimo kilichozikwa ndani ya ukuta wa bwawa, kinachosema maji yanausukuma ukuta kwa nguvu kiasi gani. Nukta ya kijani, salama. Ya njano, mwite injinia. Ya nyekundu, king'ora kule chini Isunga kinalia chenyewe, watu wakimbie.

Jioni aliteremka kulala Isunga hiyohiyo, katika chumba cha uani kwa Bibi Limi. Wakubwa walijengewa juu, na yeye hakuwa mkubwa. Lakini alikuwa na mpango. Jumamosi ya wiki ile, saa nane mchana, Mwanza, alikuwa na mtihani wa cheti cha usalama wa mitandao. Mara ya kwanza alikuwa ameanguka. Akifaulu safari hii, ataondoka kwenye kuangalia nukta, aingie kwenye kulinda mitandao yenyewe. Na asipofaulu, Injinia Edson, msimamizi wake, alishamwambia mkataba unaisha mwezi huohuo.

Kilichomwangusha ni sura moja tu ya kitabu: aina za mashambulizi ya mitandao. Kiingereza cha kitabu kilikuwa kigumu kama makopa. Kwa hiyo Sikujua akachukua daftari kubwa la kaunta, akaandika kila shambulio kwa vitu alivyowahi kuviona kwa macho yake.

Alhamisi jioni alikuwa kibarazani anapukuchua mahindi na Bibi Limi, daftari liko mapajani, mvua imeshika siku ya tatu.

"Leo wanakupiga na nini?" Bibi akauliza. Ndivyo alivyouliza kila jioni, kama anauliza habari za ugomvi wa jirani.

"Leo kuna la mafuriko, Bibi. Adui hataki kukuibia, anataka usifanye kazi. Ni kama siku ya gulio Tinde, umtumie muuza vitunguu watu mia wamuulize bei kwa pamoja, hakuna hata mmoja anayenunua. Mnunuzi wa kweli anasimama nyuma, haonekani, anaondoka."

"Hao ninawajua. Wakwe zangu walikuwa hivyo. Lingine?"

"Mtu wa katikati. Wawili wanazungumza, wanadhani wako peke yao, kumbe kila neno linapita kwa wa tatu, naye anasoma na kubadilisha."

"Mshenga."

"Mshenga mwizi," Sikujua akasema, akacheka. "Halafu kuna la kujifanya: unavaa koti la mlinzi, geti linafunguliwa. Hayo yote nimeyashika. Hili moja ndilo linanipiga chini. Sikiliza. Ujumbe ni wa kweli. Aliyeutuma ni wa kweli. Muhuri ni wake. Hakuna neno lililobadilishwa hata moja. Na bado kitabu kinasema ni shambulio. Shambulio liko wapi hapo?"

Bibi Limi aliacha gunzi. Akacheka kicheko kifupi kisicho na furaha.

"Hilo ndilo limekushinda, mayu? Hilo lilitumalizia ng'ombe mia mbili."

Akamsimulia. Ilikuwa mwaka wa mvua za elninyo, zilizong'oa madaraja. Mume wake alikuwa kamanda wa sungusungu, na sauti yake ya mwano ilijulikana vijiji vitano. Mwano, kwa asiyejua, ni yowe la Wasukuma. Ukilisikia unaacha jembe, unaacha ugali, unakimbilia linakotoka, na unalipokeza kwa jirani yako mbele. Anayelisikia akanyamaza huhesabiwa yuko upande wa mwizi. Anayelipiga bure hutoa dume la ng'ombe, na hutengwa: hasalimiwi, hapewi moto, akifiwa hazikiwi.

"Wezi wakaja na redio ya kaseti," Bibi alisema. "Wiki moja kabla walikuwa wamejificha, mume wangu akapiga mwano wa kweli, wakaunasa. Wiki iliyofuata, jua linazama, nasikia sauti yake inalia upande wa mashariki. Sauti yake kweli, nahene! Watu wote wakachukua mikuki wakakimbia mashariki. Na mimi niko ndani nimekaa pembeni ya kitanda. Ana homa. Nimemshika mkono. Namtazama mdomo wake umefunga, na sauti yake iko nje inaita watu."

"Ukafanyaje?"

"Nikatoka nikalia, si yeye, si yeye! Nani atanisikia mimi, na wanaijua sauti ya kamanda? Ng'ombe wakatoka magharibi taratibu kama wanakwenda kunywa maji." Akaokota gunzi tena. "Sauti ilikuwa ya kweli. Ila ilikuwa ya jana. Baada ya hapo wakaweka sheria, na mpaka leo ipo huku: anayepiga mwano anaulizwa, cha leo ni kipi? Ataje kitu ambacho jana hakikuwepo. Nyoka gani ameuawa leo, mti gani umeanguka leo. Akikosa cha leo, hatukimbii."

Sikujua aliandika mpaka kalamu ikatoboa karatasi. *Ujumbe wa kweli, wa mtu wa kweli, uliotunzwa na kurudishwa. Dawa: dai cha leo.* Kitabu kilitumia kurasa nne kwa jambo lile. Bibi Limi alitumia mahindi mawili.

Ijumaa asubuhi aliingia kontenani amelowa, akaketi mbele ya skrini. Nukta kumi na mbili, zote kijani. Akazitazama kama kila siku. Halafu kitu kikamwasha kichwani: na nyie, cha leo ni kipi?

Alikuwa na mazoea ambayo Edson aliyacheka sana, akamwita karani wa mkoloni. Kila saa nne asubuhi alinakili kwa mkono, nyuma ya daftari lake la kaunta, namba za vipimo vyote kumi na viwili. Hakuna aliyemtuma. Fundi wa simu wa Tinde haamini kioo, huandika. Akafungua kurasa za nyuma. Ijumaa ya leo, kipimo namba saba: mia moja arobaini na mbili nukta tatu moja sita. Ijumaa iliyopita: mia moja arobaini na mbili nukta tatu moja sita. Alhamisi ya jana na Alhamisi ya wiki iliyopita, sawasawa. Jumatano, sawasawa. Akarudi wiki nyingine nyuma. Wiki moja ileile, kavu, isiyo na tone la mvua, ilikuwa inazunguka kwenye skrini yake kama kaseti, mara ya tatu sasa.

Nje mvua ilikuwa inapiga bati la kontena mpaka usisikie mtu.

Akainuka akaenda kwa Edson na daftari mkononi. Edson hakuwa mtu wa kufoka. Ndiye aliyemwazima kitabu cha mtihani. Aliangalia namba, akaangalia tena, na Sikujua akaona kitu kilichomkata maini: hakushangaa.

"Namba ziko kijani, Siku."

"Injinia, mvua imenyesha siku nne. Namba saba haijui kama kuna mvua."

"Ukuta ulijengwa usijue mvua."

"Hizi ni za wiki kavu. Kuna mtu katikati, anazirudisha."

Edson aliamka akafunga mlango. Akazungumza kwa upole, kama mtu anayemweleza mgonjwa. Jumanne wanakuja wakaguzi. Upande ule wa namba saba utajazwa mawe kiangazi, mpango upo, mkandarasi yupo. Kipimo kikipiga njano wiki hii, mgodi unasimama, watu mia nne wanarudi makwao. "Ni wiki moja tu ya kuvuka. Wewe una mtihani kesho. Nenda Mwanza. Ukirudi na cheti, kiti cha usalama wa mtandao hapa ni chako, nimeshakuandikia. Usilete mambo ya kitabu kazini."

"Na watu wa chini?"

"King'ora kipo."

Unaona? Kitabu kizima kinakufundisha uogope mwizi wa mbali, aliyeko nchi usiyoijua, amevaa kofia ya giza. Hakuna ukurasa unaokuambia mwizi anaweza kuwa aliyekuajiri ulinde mlango. Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki kilikuwa kimekuazima na kitabu.

Na usimwone Sikujua malaika. Jioni ile alipanga begi, daftari chini kabisa. Akapiga pasi blauzi ya mtihani. Alijiambia atafanya mtihani kwanza, Jumapili atazungumza. Alijiambia ni wiki moja tu, Injinia kasoma, yeye kasomea chini ya mwavuli. Bibi Limi alimuuliza, "Mbona leo husemi wanakupiga na nini?" akajibu amechoka. Nawe usimcheke. Kuna ukuta uliowahi kuupita hivyohivyo, ukijiambia wapo waliosoma.

Jumamosi kumepambazuka, mvua imekata, anashuka na begi kuelekea stendi. Njia inapita kwenye chemchemi chini kabisa ya ukuta. Paskalia, mama wa watoto wanne aliyeishi nyumba ya kwanza kutoka bwawani, alikuwa ameinama anafua.

"Mwangaluka, Mama Rhoda."

"Mwangaluka, dada. Ndiyo siku yenyewe? Ukafaulu utukumbuke." Paskalia akainua shati jeupe la shule. Halikuwa jeupe. "Hebu niambie wewe uliyesoma. Maji haya yana nini leo? Nafua yanachafuka. Na si baridi, shika."

Sikujua akaweka begi chini, akatia mkono. Maji yalikuwa ya kijivu, mazito, na vuguvugu. Chemchemi ile siku zote ilikuwa inauma vidole kwa ubaridi. Yalikuwa yanatoka chini ya ukuta, yanabubujika, na yalikuwa yamebeba mchanga laini wa mgodini. Ukuta ulikuwa unaliwa kutoka ndani.

"Yameanza lini?"

"Leo. Jana jioni nimechota ya kunywa, yalikuwa safi."

Cha leo.

Hakwenda stendi. Alikimbia mpaka kwa Mzee Maganga, mwenyekiti wa kitongoji. Kwake ndiko king'ora kiliposimikwa, na ndani ya sebule yake kulikuwa na kisanduku cha mtandao cha mgodi. Namba kutoka ukutani hazikuweza kupanda moja kwa moja kilimani, kwa sababu bega la kilima limezuia. Zilipita kwanza kwa Maganga. Kisanduku kile kilikuwa na umeme wa jua, kwa hiyo rafu nzima ya ukuta wake ilikuwa imejaa simu za kitongoji zinazochaji, kila moja na kipande cha plasta chenye jina. Na mlangoni, kwa chaki, kwa herufi kubwa, imeandikwa paswadi ya mtandao.

"Baba, shikamoo. Hii paswadi imeandikwa na nani?"

"Marahaba. Mimi. Wageni wanaiuliza uliza, nikachoka kuisema. Mtu kaja kwako ana kiu utamnyima maji? Mimi sijalelewa hivyo." Maganga alikuwa mzee wa mwili mkubwa na haya nyingi, kumnyima mgeni kitu kilichomo ndani mwake asingeweza hata angetaka. Kwenye mtihani lingeitwa kosa la kwanza. Kwa Maganga ilikuwa heshima.

"Na hiki kidude nyuma ya kisanduku, cha rangi nyeusi, nani amekileta?"

"Fundi wenu, yule Luka. Wiki ya nne hii. Alikuja na barua ya Injinia, akasema kinaongeza nguvu ya mtandao. Nikamchinjia kuku."

Kidogo kama kiberiti. Kimekaa katikati kama mshenga, kinapokea namba za kweli kutoka ukutani na kuzitupa, kinapeleka juu zile za wiki kavu. Sikujua alijua sheria. Kuchomoa kifaa cha mtandao wa mgodi bila kibali ni kosa, na sura hiyo aliijua kwa moyo. Alisimama na mkono umenyooka, akawaza saa nane mchana, akawaza blauzi.

Akakichomoa.

Haikupita dakika. Namba za kweli zilipanda kilimani, na king'ora juu ya bati la Maganga kikalia kwa sauti ya kupasua masikio. Sikujua akatoka nje mbio atazame watu wakikimbia.

Hakuna aliyekimbia.

Kila Jumamosi saa mbili asubuhi, mwaka wa tatu sasa, king'ora kile kilikuwa kinalizwa kwa majaribio. Akina mama walikitumia kujua saa ya kuwapeleka watoto mazoezi ya kwaya. Hii ilikuwa saa moja na robo. Mtu mmoja akapaza sauti kutoka uani kwake: "Leo wamewahi!" Mwingine akamjibu, "Saa yao imelowa!" Wakacheka. Paskalia aliendelea kukamua shati. Sauti ya kweli, ya king'ora cha kweli, na masikio ya Isunga yalikuwa yameshazoeshwa kuwa ni ya jana.

Hapo Sikujua akatupa begi. Akashika kichwa kwa mikono miwili, akapiga mwano.

Hakuwahi kupiga mwano maishani. Ulianza vibaya, ukakatika, akavuta pumzi akaupandisha tena. Ng'ombe wakainua vichwa. King'ora kilikuwa kinalia juu yake na bado yowe lake likatoka chini yake, la kibinadamu, likapenya. Kicheko kikakoma. Ng'ambo ya njia Bibi Limi akatoka na fimbo.

"Cha leo ni kipi?" akapaza sauti. Hakuuliza kama bibi yake. Aliuliza kama mke wa kamanda. "Taja cha leo, ng'wanone!"

"Maji ya chemchemi ni majivu! Ni vuguvugu! Jana jioni yalikuwa safi, leo yanatoka na mchanga wa mgodi! Paskalia ameyashika kwa mkono wake!"

Watu wakageuka kumtazama Paskalia. Naye alikuwa amesimama, shati la kijivu linamchuruzika mkononi. Akaliinua juu walione wote. "Nahene," akasema. "Ni leo."

Bibi Limi akaupokea mwano. Akaupokea jirani yake. Ukaenda nyumba kwa nyumba, na kila aliyeupokea aliupokeza na cha leo: maji ya majivu, maji ya vuguvugu, Paskalia ameyashika. Hakuna aliyeuliza tena. Kabla ya saa mbili Isunga nzima ilikuwa inapanda kilima, wagonjwa kwenye mikokoteni ya punda, mbuzi, magodoro, mtu na bata wake kwapani.

Saa mbili ikapita. Tatu. Nne. Ukuta umesimama. Jua likatoka, mabati yakameremeta, na uongo mtamu kuliko wote ni kijiji kilichotulia asubuhi ya jua baada ya mvua. Minong'ono ikaanza. Kijana mmoja akasema dume la ng'ombe tutalikula leo. Mwingine akauliza kama mwanamke wa kupanga ana ng'ombe.

"Mnaulizana ng'ombe," Bibi Limi akawajibu, "hamuulizani kwa nini chemchemi imepata homa."

Kisha gari la mgodi likafika. Edson akashuka, suruali safi, walinzi wawili nyuma yake. Hakumtazama Sikujua usoni.

"Wazee, poleni kwa usumbufu. Kuna mfanyakazi wetu ameharibu kifaa, mfumo ukachanganyikiwa. Vipimo vilikuwa kijani mpaka alipokigusa. Rudini majumbani."

"Nenda kashike maji, Injinia!" Paskalia akamfokea. "Hiyo kijani yako nenda kaifulie!"

Watu wakacheka, lakini baadhi yao walikuwa wameshaanza kuokota magodoro. Mzee Maganga alikuwa anahesabu kwa vidole. "Simu," akasema mwisho. "Simu za watu thelathini na moja ziko kwangu. Nimeziacha."

"Baba, acha simu," Sikujua akasema.

"Ni amana, binti. Mtu amekukabidhi kitu chake, unamwambiaje?" Akamgeukia Edson. "Injinia, umesema salama?"

Edson angeweza kusema neno moja. Alimtazama mzee, akatazama ukuta, akatazama walinzi wake wanaomsikiliza.

"Salama, mzee."

Wengine waliomfuata Maganga, Bibi Limi aliwazuia kwa fimbo, akiwapiga miguuni kweli kweli kama ndama. Maganga alikuwa ameshatangulia. Walimwona kwa mbali akiingia kwake. Walimwona akitoka na ndoo ya plastiki yenye mfuniko, amebeba kichwani, anatembea kwa adabu, asizimwage.

Saa sita kasoro ukuta ulifunguka. Haukulipuka. Ulilegea pale kilipozikwa kipimo namba saba, kama mtu anayekaa chini, na nyuma yake ikaja ile rangi ya majivu uliyoiona ukiwa ndani ya basi. Nyumba kumi na tisa. Chemchemi. Michongoma na nguo. King'ora kiliendelea kulia mpaka tope lilipokifikia, halafu kikanyamaza.

Jumatatu wakawa bado hawajampata Maganga. Ndipo Paskalia alipotoa wazo. Watu wa Isunga wakaazima simu za watu wa Runzewe, wakasimama kando ya tope, wakaanza kupiga namba zao wenyewe, moja baada ya nyingine. Hazipatikani. Hazipatikani. Namba ya ishirini na kitu ikaita. Wakanyamaza wote. Chini ya tope, karibu na palipokuwa na mwembe wa shule, kitu kikawa kinalia wimbo mdogo wa simu. Wakachimba kwa mikono. Mfuniko wa ndoo ulikuwa umefungwa vizuri. Mikono ya mzee ilikuwa bado imeizunguka.

Watu mia tatu na zaidi wako hai. Mtihani wa saa nane ulifanyika bila Sikujua. Yeye yuko mahabusu, ameshtakiwa kuingilia mfumo wa mtandao bila kibali, na ushahidi dhidi yake ni kumbukumbu za kompyuta: wiki nne za kijani, kisha nyekundu dakika aliyochomoa. Kumbukumbu za kweli. Za mashine ya kweli. Zina muhuri. Kile kidude cheusi kimezama na nyumba. Kilichobaki ni daftari moja la kaunta, lenye namba zilizonakiliwa kwa mkono kila saa nne asubuhi, ambalo Bibi Limi, asiyejua kusoma, aliliokoa na begi lililotupwa, akalifukia ndani ya debe la unga na kulilalia kichwani. Na Edson amehamishwa. Anasimamia ukuta mwingine sasa, upande mwingine wa mkoa. Una watu chini yake. Skrini yake, wanasema, ni ya kijani.

Sasa wewe. Umesikia mwano, na sheria yake unaijua, umesimuliwa hapahapa. Aliyesikia akanyamaza yuko upande wa mwizi. Usiseme utauliza Jumatatu. Ukuta ulio karibu nawe unaujua. Inuka, nenda chini yake, tia mkono kwenye maji. Nenda kwenye ofisi yenye skrini, kataa kuonyeshwa kijani, dai namba ya leo, iandike kwa mkono wako. Lisomwe daftari la Sikujua mahakamani, na usiondoke mlangoni mpaka lisomwe. Ukiulizwa kelele za nini, taja cha leo. Kisha panua kifua, uupokee mwano huu, uupeleke kwa jirani.

Sasa hivi. Inuka.